Kujumlisha Mapipa ya Dawa

Kompyuta naijua kuliko wengi. Sijawahi kushindwa kuizima. Kuiwasha, hilo waulizeni wajukuu.

Chiriku, binti wa darasa la saba, kila akitoka shule hupitia bustani ya miche anakofanya kazi shangazi yake. Siku moja shangazi alikuwa akiandika programu ya kuchapa vibandiko vya mapipa. Ndani yake aliunda aina mama ya pipa, Maji, akaifundisha alama ya kujumlisha: pipa ongeza pipa, unapata pipa kubwa la Maji. Kisha akaunda aina mwana, Dawa, iliyorithi kila kitu cha mama yake, pamoja na alama hiyo.

"Mwanangu, jumlisha maji na maji, halafu dawa na dawa, tuone. Usiruke."

Chiriku akajaribu maji. Sawasawa! Dawa akaiacha. Mama akijua kupika, mwana atakosaje? Tena wenzake walikuwa wakimwita mchezoni.

"Umejaribu zote?"

"Zote, shangazi! Kwa macho yangu haya mawili."

Kesho yake programu ikaanza kazi. Vijana wa zamu ya asubuhi wakamimina mapipa mawili ya dawa ya wadudu, isiyo na rangi wala harufu, kwenye tangi moja, wakabandika kibandiko kilichochapwa na programu bila kukisoma.

Jioni Chiriku aliingia ofisini, akaona kwenye skrini: Dawa + Dawa = Maji. Dirishani alimwona mzee mtunza miche, jasho likimtiririka, akikinga kikombe kwenye bomba la tangi lile lililobandikwa Maji.

"Babu, usinywe!"

"We Chiriku, siku hizi kiu nayo inaombewa ruhusa?" Kikombe kikaanza kupanda mdomoni.

Chiriku akatoka mbio, akakipiga kofi. Kikaruka huko, kikamwagika mchangani.

Shangazi, aliyesikia kelele, akaja akafunga bomba, akang'oa kibandiko. Akaketi, akaiandikia Dawa kujumlisha kwake yenyewe, akajaribu mbele yao: Dawa + Dawa = Dawa. Mzee akashusha pumzi.

"Alama ilirithiwa kweli," shangazi akasema, "ila ilikuja na jibu la mama. Cha kurithi nacho hupimwa, na kazi ambayo hujaifanya usiseme umeifanya, mtu angekufa. Haya, jana ulipojumlisha dawa na dawa, ulipata nini?"

"Nilipata... Dawa, shangazi. Labda mashine ilichoka baadaye."

"Ajabu! Programu ya jana isingetoa jibu hilo hata ungeipigia magoti. Nimeifundisha sasa hivi, unaniona."

Mzee akakohoa kuficha kicheko. Chiriku akainama kutazama kidole gumba cha mguu wake.