Kitabu cha Tano

Kila Ijumaa, kengele ya mapumziko ya saa nne ilipolia, Wangu hakukimbilia uwanjani kama wanafunzi wengine. Alichukua mfuko wake wa kitambaa akaenda moja kwa moja nyuma ya bwalo la shule, penye ngazi za saruji zilizopigwa na jua la asubuhi. Hapo ndipo wapenzi wa vitabu na muziki walipokutana. Walikuwa saba, wote wa darasa la sita na la saba. Hakuna mwalimu aliyewaambia waanzishe chama. Walijikuta tu pamoja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kitu alichokipenda mno hata akashindwa kukaa nacho peke yake.

Jeremy alileta kanda za muziki alizorekodi mwenyewe kutoka redioni. Alikuwa hodari wa kubonyeza kitufe kabla mtangazaji hajaanza kuongea katikati ya wimbo. Pale ngazini hapakuwa na redio, kwa hiyo Jeremy aliwaimbia kiitikio kwanza, kisha akaamua nani aende na kanda nyumbani hadi Jumatatu. Wangu alileta vitabu. Kalekye, rafiki yake mkubwa, alileta vyote viwili. Tena ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, na ndiye aliyelia bila aibu hadithi ilipofika mahali pa huzuni.

Mwaka huo wa 2004 wote saba walikuwa wamenaswa na vitabu vya Binti wa Stesheni. Vilikuwa vinne, vikisimulia habari za msichana aliyeishi na babu yake kwenye stesheni ndogo ya reli na kufumbua mafumbo yaliyowashinda watu wazima. Kitabu cha nne kiliishia mahali pabaya sana. Msichana alikuwa amesimama mbele ya behewa lililofungwa kwa kufuli, na mtu akawa anagonga kutoka ndani. Basi. Ukurasa uliofuata ulikuwa mtupu. Wanachama walibishana juu ya mtu huyo muhula mzima.

Muhula wa tatu ulipoanza, Kalekye aliteleza akicheza netiboli, mguu ukavunjika. Alifungwa plasta kuanzia kwenye paja hadi vidoleni, na daktari akasema akae nyumbani wiki sita.

Nyumbani kwao kulikuwa Kinoo, na Wangu aliishi Mountain View, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza alipanda gari kwenda kumwona. Alimkuta amelala ametazama ukuta. Kanda ya Jeremy ilikuwa mezani, haijaguswa.

"Sasa, Kalekye?"

"Poa," Kalekye alijibu, lakini sauti yake haikuwa na uhai wowote. "Nimesoma vyote vinne tena. Sasa sina kitu. Natamani tu kujua ni nani aliyekuwa akigonga."

Wangu hakuwahi kumwona rafiki yake akiwa hivyo. Maneno yakamtoka kabla hajayafikiria.

"Cha tano kimetoka."

Kalekye aligeuka haraka hata akaguna kwa maumivu. "Kimetoka? Umekiona?"

"Binamu yangu Debra anacho. Nilikisoma kwake wiki iliyopita."

"Wangu! Na unanyamaza? Nani alikuwa akigonga?"

Basi Wangu akavuta kiti, akaanza. Alisema kwamba ndani ya behewa mlikuwa na mchukuzi mzee mwenye kofia nyekundu, aliyefungiwa humo kwa sababu aliona jambo asilopaswa kuona. Hakujua mchukuzi huyo alitoka wapi. Kila alipofungua mdomo, neno lingine lilikuwa tayari linasubiri. Kufikia saa sita Kalekye alikuwa ameketi wima, macho yanang'aa, ameomba chai na mkate. Wangu alirudi nyumbani akijiambia kwamba amefanya jambo jema.

Jumatatu habari zilikuwa zimefika shuleni, kwa sababu Jeremy naye alikuwa amepita Kinoo Jumapili.

"Niaje, Wangu! Kumbe una cha tano na huna habari nasi?"

Hapo angeweza kusema kweli. Lakini wote watano walikuwa wamemzunguka, wamenyamaza kimya kumsikiliza yeye, na jambo hilo lilikuwa tamu. Akasimulia sura ya kwanza. Ijumaa akasimulia ya pili. Wenzake wakaanza kumwachia ngazi ya juu kabisa, na Jeremy akawa anampa nafasi ya kwanza kuchagua kanda. Walipoomba wakione kitabu chenyewe, alisema Debra hapendi kuazimisha vitu vyake. Kila Jumamosi alikwenda Kinoo, na kila Jumamosi hadithi ilisonga mbele.

Wiki ya tano, mvua za Oktoba zilikuwa zimeanza. Wangu alimkuta Kalekye peke yake sebuleni, mguu umeegeshwa juu ya mto.

"Baba yuko wapi leo?"

Kalekye alitabasamu. "Ni siri, lakini mimi nimeshaijua. Amekwenda mjini kunitafutia cha tano, anipe siku nitakayotolewa plasta. Hii ni Jumamosi ya tatu. Siku za kazi pia, akitoka ofisini, hupita madukani kabla ya kurudi."

Masila, babake Kalekye, alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Kutwa nzima alipeleka barua kwa miguu kutoka jengo moja hadi jingine. Jumamosi ndiyo siku yake ya kupumzika.

Aliwasili saa tisa. Suruali ilikuwa imelowa hadi magotini, na viatu vilitoa sauti ya maji kila alipopiga hatua. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango ili asichafue sakafu.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia Kalekye. "Leo nimeimaliza River Road yote, kuanzia juu mpaka chini. Nimeingia hata kwa wenye mitambo ya kuchapisha, nikidhani labda wao wanajua. Kila mtu ananiambia hajakisikia."

Kisha akamgeukia Wangu. "Afadhali upo, mwanangu. Binamu yako alikinunua duka gani? Nitajie tu jina, nitalitafuta mwenyewe."

Wangu alitazama maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka kwenye viatu vile.

"Sijui, Baba Kalekye. Nitamuuliza."

"Asante sana, mwanangu. Mungu akubariki. Umemshika mkono mtoto huyu wakati wa shida yake."

Siku hiyo Wangu hakusimulia kitu. Alisema kichwa kinamuuma, akaondoka mapema.

Nyumbani alimkuta mama yake jikoni akikata sukuma wiki. Alisimama mlangoni muda mrefu bila kuvua koti.

"Mama, mtu akisema jambo la kumfurahisha mgonjwa, na jambo lenyewe si kweli, hilo ni kosa?"

Kisu cha mama kilisimama. "Mgonjwa gani?"

Wangu akamweleza yote, kuanzia mchukuzi mwenye kofia nyekundu hadi viatu vilivyolowa. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, mama alifuta mikono yake, akamvua koti lililokuwa na unyevunyevu, akalitundika.

"Kesho tukitoka kanisani tutakwenda Kinoo," alisema. "Utasema mwenyewe. Mimi nitakaa karibu nawe, lakini sitakusaidia neno hata moja."

Mama alitimiza ahadi yake. Jumapili aliketi kwenye sebule ya kina Kalekye, mikono juu ya mkoba, amenyamaza. Wangu alibaki amesimama.

"Hakuna kitabu cha tano," alisema. "Hakijatoka. Debra hana. Nilitunga mimi mwenyewe. Baba Kalekye, ulikuwa ukitafuta kitu ambacho hakipo, na jana nilikuona umelowa na bado nikakudanganya. Nisamehe."

Masila alipitisha kiganja usoni, polepole, kama mtu aliyekumbuka uchovu wote kwa mara moja.

"Nimetembea sana, Wangu," alisema.

Kalekye ndiye aliyepandwa na hasira. "Baba alilowa kwa ajili yangu, na wewe ulikuwa umekaa papo hapo unamtazama! Mimi nilikuamini. Nenda nyumbani, Wangu. Sitaki kukuona."

Safari ya kurudi Mountain View ilikuwa fupi, lakini kwa Wangu haikuisha. Mama alimshika mkono njia nzima.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, aliwaita wenzake nyuma ya bwalo na kusema yaleyale. Lilikuwa jambo gumu kuliko la Kinoo, kwa sababu safari hii hakuwa na mtu wa kumshika mkono.

"Kumbe ulikuwa unatupiga chenga tu!" Jeremy alisema. "Wiki tano!" Alichukua kanda zake akaondoka, na wengine wakamfuata. Ijumaa iliyofuata Wangu aliketi peke yake kwenye ngazi akiwa na mfuko wa vitabu visivyo na msomaji. Hakumlaumu mtu.

Jumatano ya wiki iliyofuata Jeremy alikuja mpaka kwenye dawati lake, akamwekea karatasi iliyokunjwa. "Imetoka Kinoo," alisema, akaenda zake. Wangu aliukunjua waraka huo.

"Wangu, bado nimekasirika. Lakini nimelala hapa siku kumi nikiwaza juu ya yule mchukuzi mwenye kofia nyekundu. Nimemtafuta katika vitabu vyote vinne, ukurasa kwa ukurasa, nikidhani ulimwiba huko. Hayumo. Kwa hiyo ni wako. Basi mwandike. Ila usimweke kwenye stesheni ya mtu mwingine. Mtafutie mahali pake, na msichana wake, halafu utie jina lako. Plasta inatolewa Ijumaa. Njoo Jumamosi. Kalekye."

Wangu aliusoma mara nne. Alipofika nyumbani alitoa daftari jipya, akaanza. Mara hii maneno hayakuwa tayari yanasubiri. Ilimbidi ayatafute, ayafute, ayatafute tena. Mchukuzi alihamia soko la Kangemi, akawa anabeba magunia ya viazi. Msichana akawa binti wa muuza maharagwe, mkaidi kidogo, mwenye kicheko kikubwa. Hakuhitaji kuuliza kicheko hicho amekipata wapi.

Jumamosi alipobisha hodi Kinoo, alisikia muziki ndani. Wanachama wote walikuwapo. Jeremy alikuwa amepiga magoti mbele ya redio kaseti akigeuza kanda, na Kalekye alikuwa kwenye kochi, mguu mwembamba umenyooshwa mbele. Muziki ulizimwa.

Wangu alifungua daftari na kusoma ukurasa wa kwanza. "Hadithi hii si kitabu cha tano cha mtu yeyote. Imetungwa na Wangu wa Mountain View, na makosa yote yaliyomo ni yake."

"Hayo makosa tutayahesabu," Jeremy alisema, na watu wakacheka. Moyo wa Wangu ukashuka mahali pake.

Akasoma. Alipofika mahali ambapo mchukuzi alidondosha gunia lisilokuwa na viazi, Masila, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, alishindwa kuvumilia. "Lilikuwa na nini?" aliuliza. Watoto wakamnyamazisha kwa pamoja, na yeye akaziba mdomo.

Hadithi haikuwa imekwisha, kwa sababu Wangu alikuwa ameandika sura mbili tu. Walimpigia makofi kwa hizo mbili. Kisha wakaanza kubishana vikali juu ya gunia, na ubishi huo ulimfurahisha kuliko makofi.

Masila aliweka kikombe chini. "Wanangu, ngojeni niseme kidogo. Mimi ni mpeleka barua. Mtu akiniandikia anwani kwenye bahasha, ninaiamini na kuifuata, hata mvua ikinyesha. Ndivyo watu wanavyofanya na maneno yetu. Wanayafuata kwa miguu yao. Wangu, kutunga si kosa. Una kipaji, nami nimefurahi kukisikia. Kosa lilikuwa kututuma mahali ambapo hapapo. Siku ulipokuja kusema kweli, uliniumiza. Lakini tangu siku hiyo, ukiniambia jambo naliamini, kwa sababu nimekuona ukisema kweli ilipokuwa ngumu kusema. Ninyi nyote mnapenda vitu vizuri, na mnavigawana. Gawaneni na ukweli pia, maana bila huo hakuna atakayepokea hivyo vingine kutoka kwenu."

"Asante, Baba Kalekye," Wangu alisema. Alitaka kuongeza mengi. Alitaka kumshukuru kwa kutembea kwake, na mama kwa kukaa kimya siku ile, na Jeremy kwa kuileta ile karatasi ingawa alikuwa bado amenuna. Lakini alirudia neno lilelile tu. "Asante. Asanteni nyote."

Jioni ilipokaribia, Kalekye alishika fimbo yake na kusimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutembea nje kwa miguu yake tangu aumie.

"Nitakusindikiza hadi barabarani," alisema.

"Mguu utaweza?"

"Ukitembea polepole, utaweza."

Wakatoka. Wangu alipunguza hatua mpaka zikalingana na za rafiki yake, na kabla hawajafika langoni Kalekye alianza kuuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, lile gunia lilikuwa na nini.

"Sijui bado," Wangu alisema. Na safari hii ilikuwa kweli.