Siku Nne za Taa Nyekundu

Kila alipotoka shule, Sabina wa darasa la sita alipita kwenye zahanati ya kisiwa chao kumngoja mama yake, Nesi Dorotea. Mwezi uliotangulia, fundi Mihayo alikuwa amevuka ziwa kutoka Mwanza na kufunga pale kompyuta yenye nakala ya kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali ya mjini. Kilichoandikwa mjini kilifika kisiwani, na cha kisiwani kilifika mjini.

"Taa ikiwa ya kijani, nakala zinalingana," Mihayo aliwaeleza Sabina na mama yake. "Ikiwa nyekundu, nipigieni simu. Na waya huu usichomolewe."

Jumatatu mama alikuwa nje akichanja watoto. Sabina alichomoa waya ule ili achaji simu, aangalie katuni. Alipourudisha, kompyuta iliwaka, lakini taa ilikuwa nyekundu. Aliogopa kugombezwa. Akasogeza boksi la glavu mbele ya taa, akanyamaza.

Ijumaa majirani walimleta Mzee Machibya akiwa na homa kali, hajitambui. Mama alifungua kumbukumbu zake, hakuona onyo lolote, akamchoma sindano. Punde uso wa mzee ulivimba, pumzi zikaanza kukatika. Mama alimpa dawa ya kumwokoa, kisha boti ikamkimbiza Mwanza.

Jioni hospitali ilipiga simu. Jumanne mzee alikuwa ametibiwa huko, ikaandikwa wazi kwamba sindano ile inamdhuru.

"Mbona mimi sikuliona onyo hilo?" mama alilia.

Sabina alipiga magoti. "Mama, ni mimi. Nilichomoa waya Jumatatu. Taa nikaificha."

Mama alisogeza boksi la glavu, akaiona taa nyekundu. Kisha akampigia Mihayo.

Kesho yake fundi alirudisha mawasiliano, nakala zikalingana tena. Akaongeza kengele inayolia kila mawasiliano yanapokatika.

Mzee Machibya alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa hai, lakini ubongo ulikuwa umekosa hewa. Hakuweza tena kutamka majina ya wajukuu zake. Sabina na mama yake walikwenda kuomba msamaha. Kashindye, binti wa mzee, aliwasikiliza mlangoni.

"Nimewasamehe," alisema, macho yamejaa machozi. Hakuwakaribisha ndani.

Njiani mama alimshika Sabina mkono.

"Na mimi nilipaswa kuiangalia taa ile kila asubuhi," alisema. "Lakini ungeniambia Jumatatu, mwanangu, Mihayo angekuja kesho yake, na mzee asingeumia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unaogopa."