Dakika ya Kimya Sebuleni

Redio ya sebuleni isizimwe: hilo ndilo sharti pekee alilotoa shangazi yake mwongozaji alipowaazima nyumba wapigie filamu yao. Fundi sauti aliizima. Kwake redio, feni na friji vyote ni maadui, na mambo ya wazee huwaachia wazee. "Nitaiwasha kabla shangazi hajarudi kutoka sokoni," alisema, akajitia hamnazo.

Mwigizaji mkuu alikuwa mdogo wake fundi huyo, wa tumbo moja, binti mwenye mdomo kama cherehani. Filamu yenyewe ya bei chee, ndugu ndiye aliyekubali. Walipomaliza kipande cha kwanza, fundi akawaomba wote kimya cha dakika moja, kama afanyavyo kila mahali, ili anase ukimya wa chumba na baadaye azibie mapengo ya sauti.

Wakatulia tuli. Kwenye hedifoni akasikia mtu anahema.

Kuhema kuzito, kwa mzee aliyetoka kupanda ngazi. Akazima maiki moja baada ya nyingine, ikabaki ile ndogo aliyombandika mdogo wake kifuani. Hapo pua ikanasa harufu ya udongo uliofukuliwa, na madirisha yote yamefungwa. Alikasirika, akidhani binti anamfanyia mzaha.

"Hebu bana pumzi," alimnong'oneza.

Binti akabana, mashavu yakamvimba, kicheko kikamjia, na kule masikioni kuhema hakukukatika bali kulizidi kukaribia, kukaingia mkwaruzo wa kikohozi, mpaka fundi akaona kwa macho yake gauni la mdogo wake likipanda na kushuka kifuani ilhali mwenyewe bado amebana pumzi, katoa macho, na kicheko kimemwisha.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "kuna mtu ndani yangu."

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni na kapu lake. Mwongozaji akakimbilia kuiwasha redio.

"Iache, haisaidii tena. Nani kawaambia mnyamaze humu?" Shangazi alilitupa kapu chini. "Jini huyu anatafuta nafasi ya kuongea. Miaka yote nampigia kelele asiipate. Mpelekeni kwa mganga, na njiani binti asinyamaze. Akinyamaza tu, mmempoteza."

Garini binti aliongea. Alihesabu, akataja majirani wote, akakariri maneno ya filamu, akaimba nyimbo za shule, na kaka yake, machozi yakimtoka kwa majuto, akamchokoza kila alipolegea: "Nitukane, mdogo wangu! Nitukane utakavyo!" Akamtukana mpaka sauti ikamkauka.

"Kaka, nimechoka."

"Bado kidogo tu. Nyumba ya mganga ile pale, unaiona?"

Binti akafumba midomo. Fundi akamtikisa, akamwita, akamzaba kibao. Ndipo sauti nzito ya kizee ikatoka kifuani mwa binti, taratibu, bila hasira.

"Mwache apumzike. Sasa naongea mimi."