Samaki wa Kumpima Mukalay

Tilapia mweupe wa Nzilo alikuwa amebaki mmoja tu kwenye beseni, mpana kama viganja viwili, na watu wawili walimshika kwa pamoja. Mmoja alikuwa Fidélie Kabedi, muuzaji wa duka la dawa, kikwembe chake cha njano kikiwa kimefungwa vizuri kiunoni. Wa pili alikuwa mwanaume mrefu mwenye koti la abakosti la kahawia na grisi nyeusi chini ya kucha.

"Mama, samaki hii njo yangu," alisema mwanaume.

"Tata, weye unashika mukia. Mi ninashika kichwa. Mwenye kichwa njo mwenye samaki."

"Basi tumukule pamoja. Utamukaanga, mi nitaleta muchele."

Muuza samaki alicheka. Fidélie hakucheka, ila kabla ya kuondoka sokoni alikuwa amekwisha kumwelekeza yule mtu njia ya kwao, mtaa wa Manika.

Hiyo ilikuwa Oktoba 1977. Mwanaume aliitwa Mukalay, fundi umeme wa bwawa la Nzilo, mzaliwa wa kaskazini. Fidélie alikuwa wa Kasai, mjukuu wa mtu aliyeletwa Kolwezi kuchimba shaba. Tangu Jumapili ile ya kwanza Mukalay hakukosa. Alikaa kwenye kigoda uani akitazama samaki akipakwa unga wa mahindi na kuteleza ndani ya mafuta ya moto, huku mboga ya lengalenga ikitokota na karanga pembeni. Na kila Jumanne saa nne simu ya duka la dawa ililia.

"Allô, natafuta dawa ya moyo."

"Ya moyo imeisha, citoyen. Iko ya minyoo."

"Fidélie wangu, unaniua."

Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo na kutaka watu waitane citoyen, yaani mwananchi; kazini wote walimwita Kabedi. Kusikia lile jina likinong'onwa kwenye waya kulimfanya ageukie ukutani ili wateja wasione uso wake.

Mei mwaka uliofuata Mukalay alitumwa Kisenge kutengeneza mashine ya umeme. Siku chache baadaye vita iliingia Kolwezi. Bunduki ziliponyamaza, watu walikuta lori limeungua kwenye barabara ya magharibi. Ndani yake kulikuwa na mtu asiyetambulika tena, mabaki ya abakosti ya kahawia mwilini, na mfukoni kibati chenye kadi ya kazi ya Mukalay. Wakamzika. Mbuyu, dada yake Mukalay, aliandika jina kwenye msalaba. Fidélie, ambaye hakuwa mke, alilia akiwa amesimama nyuma ya watu wote.

Mji ulibaki mtupu. Nyumba nyingi hazikuwa na milango, na hata mbwa hawakubweka. Duka la dawa lilipofunguliwa Julai, Jumanne ya kwanza saa nne simu ililia.

"Allô?"

Hakuna aliyejibu. Kulisikika tu kitu kama maji yanayopita mbali, na katikati ya maji, pumzi. Jumanne ya pili ikawa vilevile. Ya tatu vilevile, na safari hii mkono wa Fidélie ulipata baridi mpaka kwenye kiwiko.

Mama Mianda, mzee waliyefanya kazi naye, alimvuta pembeni. "Mwanangu, ule mufu anakupenda. Asipofukuzwa atakubeba. Umuambie uko na mwengine, atakwenda."

Jumanne ya nne simu ilipolia, Fidélie hakungoja. "Usinitafute tena," alisema, machozi yakimwingia mdomoni. "Nimepata bwana mwengine. Nimekusahau. Wende."

Maji hayakusikika siku hiyo. Kulikuwa na mikwaruzo tu, kisha waya ukakatika. Simu haikulia tena.

Jumapili moja ya mwisho wa Agosti, mchana kweupe, Fidélie alikuwa akichambua lengalenga uani aliposikia hatua. Akainua macho. Mukalay alikuwa amesimama penye ua, amekonda, nguo zimemning'inia, vumbi jekundu hadi magotini. Mkononi alibeba tilapia aliyefungwa kwa jani. Hakusalimu.

Fidélie alirudi nyuma, lengalenga likimwanguka mkononi. Alikumbuka maneno ya nyanya yake: mfu anaweza kutembea, anaweza kusema, lakini chumvi haili.

"Ikala," alimwambia, akimsogezea kigoda. "Nitapika."

Alimpasua samaki, akamwosha, akamchanja mbavuni. Akachota chumvi mara moja, mara mbili, mara tatu, akaisukuma ndani ya kila mchanjo. Mafuta yalichachatika. Ngozi ya samaki ikageuka rangi ya dhahabu, na harufu ikajaa uani kama Jumapili za zamani, jambo lililomtisha zaidi. Mgeni alikuwa haangalii chakula. Aliangalia mlango wa nyumba.

"Unaangalia nini?"

"Namungoja bwana yako. Nilikuja kumuona."

Fidélie aliepua kikaango. Alipakua wali, akaweka mboga, akamweka samaki mbele yake, kisha akakaa mbali, mgongo ukigusa ukuta. Mukalay alimega. Akatia mdomoni. Akatafuna polepole, na uso ukamkunjamana.

"Kabedi," alisema, "hii chumvi ni ya mwezi muzima."

"Meza."

Akameza. Akamega tena, maana alikuwa na njaa ya safari, akala huku akikohoa na kuomba maji. Hapo Fidélie aliinuka, akamshika mashavu kwa mikono yenye mafuta, akayasikia yana joto. Akaketi chini akilia.

"Nilikuzika," alimwambia. "Nilikuzika, Mukalay. Hakuna bwana. Nilidhani niko nafukuza mufu."

Mukalay alimkumbatia pale chini. Maneno yakatoka vipandevipande. Vita ilimkuta Kisenge. Akakimbilia porini, akaugua, barabara ikafungwa. Alipopata waya akapiga, akasikia mwenyewe akiambiwa aende. Akakaa mwezi mzima akila uchungu.

"Na zile simu za kwanza?" Fidélie aliuliza. "Zile tatu?"

"Gani tatu? Mi nilipiga mara moja tu. Waya wa Kisenge ulikuwa umekatika."

Walitazamana. Moto ulikuwa umezima bila wao kujua.

"Na yule tulimuzika na abakosti yako na kadi yako?"

Mukalay alifunika macho. "Mulumba. Mutu wa Mutoshi. Alikuwa anarudi kwa bibi yake na lori la asubuhi, baridi ilikuwa kali. Nilimuazima. Kadi niliisahau mufukoni." Akamshika Fidélie mkono. "Chérie, tuoane. Nilikuja kugombana, lakini hii njo neno lililokuwa moyoni."

"Siwezi kukujibu wakati mutu mwengine analala ndani ya jina lako."

Kesho yake walipitia kwa Mbuyu, aliyezimia na kuzinduka, kisha wakaenda Mutoshi. Mke wa Mulumba, mwanamke mfupi aitwaye Tshiela, aliwasikiliza bila kukaa.

"Jumanne tatu za Julai mutu aligonga hapa, saa ine," alisema. "Nikifungua, hakuna mutu. Kizingiti tu kimelowa maji. Nikajua, lakini sikujua nimulilie wapi."

Wakampeleka makaburini. Mukalay aling'oa msalaba wenye jina lake, akasimika mpya. Tshiela alipiga magoti, akaita kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu ndani ya nyumba: "Mulumba wangu. Mulumba wa Mutoshi. Nimekuona sasa." Upepo uliokuwa ukisukuma majani ukatulia. Alikaa hapo muda mrefu, kisha akaomba wamwache peke yake na mumewe.

Walimngojea barabarani. Fidélie alifuta udongo kwenye vidole vya Mukalay kwa ncha ya kikwembe, kidole kimoja kimoja.

"Sasa uniulize tena," alisema.

Akauliza. Naye akakubali.