Majaketi ya Uzi wa Kijani

Ndugu zangu, kisa hiki mnakijua nyote juu juu, maana kilitokea mbele ya macho yetu. Ila kila ninapokisikia kikisimuliwa pale gatini, kinakatwa mahali kinapotugusa sisi wenyewe. Leo nitakisema chote, na mwenye kununa anune.

Nyumba yao imepakana na yangu. Jioni mama wa nyumba hiyo, fundi cherehani, alikuwa akishona barazani. Binti yao wa pekee, muuguzi katika zahanati ya ng'ambo, alikuwa akipiga pasi sare yake ya kesho. Baba, mkaguzi wa serikali wa usalama wa vivuko, alisugua buti zake mpaka ungeweza kujitazama uso. Binti alimtania kwamba yeye ameoa buti, mama kaja kama mke wa pili. Walikuwa wakicheka hivyo kila siku. Mimi fundi baiskeli, ambaye watoto wangu hurushiana vijiko, niliwaonea gere.

Mkaguzi huyo alipoanza kazi tulimpa jina la Bwana Hapana. Aliingia chini ya kivuko na tochi, akagonga vyuma kwa nyundo ndogo, akahesabu majaketi okozi moja moja, na penye kasoro alisema neno moja tu: hapana. Mwaka mmoja alikizuia kivuko siku nne kwa sababu mlango wake wa mbele ulikuwa ukiingiza maji. Je, tulimshukuru? Tulimtukana. Nyanya za watu zilioza, safari za watu ziliharibika, na mkewe akazomewa sokoni. Mimi pia nilizomea, sitajitia usafi hapa. Malalamiko yakafika makao makuu, na barua ikamrudia ikimwonya kwamba anawakwamisha wananchi. Wenzake walioanza naye kazi walipanda vyeo, yeye akabaki pale pale na nyundo yake.

Mtu huchoka. Siku aliyochoka hatukuiona, tuliona tu nyundo haitoki tena ofisini, na ukaguzi sasa unatanguliwa na barua: siku fulani, saa tatu kivuko cha kwanza, saa tano cha pili, saa nane cha tatu. Vivuko vyote vitatu vilikuwa vya tajiri mmoja. Kila kimoja kilitakiwa kiwe na majaketi themanini, lakini tajiri yule alikuwa na themanini tu kwa vyote. Mkaguzi akimaliza kuhesabu kwenye kivuko cha kwanza alikaribishwa chai. Alipokuwa akiipuliza chai yake, mkokoteni ulipita nyuma ya ofisi ukiyahamishia majaketi kivuko cha pili, halafu cha tatu. Tulikuwa tukiuona. Tuliuita msafara wa bibi harusi, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Na magurudumu ya mkokoteni huo nilikuwa nikiyajaza upepo mimi.

Malalamiko yakakoma, na jina la mkaguzi likaanza kutajwa vizuri huko juu.

Basi ikatokea kwamba mikanda ya majaketi yale ilichakaa. Tajiri akampelekea mke wa mkaguzi ayashone, akamwambia ni ya kivuko cha kwanza. Uzi wa rangi ya machungwa ulimwishia, akashonea uzi wa kijani. Mwezi uliofuata, siku ya ukaguzi, mumewe alisahau miwani nyumbani. Mama akamfuata nayo mpaka gatini, akamkuta kwenye kivuko cha tatu anahesabu. Akampa miwani, akageuka aondoke, ndipo macho yake yakaangukia uzi wa kijani. Aliteremka, akaenda kivuko cha kwanza kilichokuwa kinapakia abiria, akafunua kasha la majaketi. Ndani mlikuwa na kamba kuukuu na magunia.

Yaliyosemwa nyumbani mama alinisimulia mwenyewe baadaye, siongezi chumvi.

"Majaketi ni yale yale," mama alisema. "Uzi wangu naujua."

"Najua," mumewe akajibu.

Mama alikuwa amejiandaa kwa ubishi, hakujiandaa kwa jibu hilo. Akamuuliza amejua tangu lini.

"Mwaka wa pili huu. Barua ya kunifanya mkaguzi mkuu iko mezani kwa mkurugenzi, mke wangu. Nikisema leo, nitaulizwa jana nilikuwa wapi. Ngoja kwanza nikikalie kile kiti, nitawanyoosha wote."

"Na mwanao anavuka kila siku."

Kesho yake jioni mkaguzi alirudi na jaketi okozi jipya kutoka stoo ya ofisi. Akampa binti yake, akamwambia alibebe kila safari na asiulize kitu. Binti ni mtu mzima, akauliza.

"Na abiria wengine, baba?"

"Wengine wana wazazi wao."

Mama alilisikia neno hilo likamchoma. Hata hivyo alilishonea jaketi mfuko wa kitambaa chenye maua ili mwanawe asione haya. Hapo ndipo nyumba ile ilipoharibika, ndugu zangu, kabla hata ya maji. Waliijua hatari kiasi cha kumkinga wa kwao, wakafunga midomo juu ya wetu. Sisi nasi tulipomwona binti na mfuko wake tulimwambia anabeba mto wa kulalia, kazi ya uuguzi imekuwa usingizi.

Miezi miwili ikapita. Ikafika siku nyingine ya ukaguzi, nayo ikaangukia siku ya soko. Asubuhi nilijaza upepo mkokoteni kama kawaida. Mdogo wangu, fundi viatu, alinipitia, akaniachia baiskeli yake niizibe pancha, akasema atavuka kwa miguu na kurudi mchana.

Saa nane kasoro kivuko cha kwanza kiliondoka ng'ambo kurudi kwetu, kimejaa watu na mizigo, binti naye akiwemo akitoka zamu ya asubuhi. Kilipofika katikati, ule mlango wa mbele, ule ule wa miaka ile, ukaachia. Maji yakaingia kwa nguvu, watu wakakimbilia upande mmoja, chombo kikalala ubavu. Waliofungua kasha wakakuta magunia.

Wakati huo mkaguzi alikuwa gatini, ndani ya kivuko cha tatu, amefika jaketi la sitini na kitu. Alisikia kelele, akainua kichwa, akakiona. Majaketi yote themanini yalikuwa miguuni pake, yameletwa kwa ajili yake. Alianza kuyarusha majini, moja baada ya jingine, huku akiliita jina la mwanawe. Yalielea pale pale chini ya gati, yakigongana. Walioyahitaji walikuwa mbali mno.

Boti ndogo ziliokoa waliookoleka. Binti alipatikana hai ndani ya jaketi lake jipya, amemshikilia mwanamke mmoja mchuuzi wa mboga ambaye tayari alikuwa ameshakata roho. Watu kumi na tisa walikufa. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao.

Tume ya uchunguzi iliketi katika ukumbi wa shule. Mkaguzi alijibu maswali kwa vifungu vya sheria, na karatasi zake zote zilikuwa safi, zimesainiwa, zina mihuri. Nilidhani atateleza kama kambare. Ndipo mwenyekiti wa tume akamuuliza jambo dogo.

"Jaketi alilovaa binti yako lilitoka wapi?"

"Ofisini kwangu."

"Kivuko umekipitisha kwamba kina majaketi themanini. Ulimpa la themanini na moja la nini?"

Mkaguzi akatazama buti zake. Binti alisimama, akaja mbele na mfuko wa maua, akauweka mezani mbele ya baba yake, akatoka nje. Tangu siku hiyo hajasema naye tena. Mkaguzi yuko jela pamoja na tajiri. Mama bado anashona barazani, peke yake, na mtu akimpelekea kazi ya uzi wa kijani humrudishia.

Mafunzo

Anayeijua hatari akamkinga mwanawe peke yake, huyo ameshiriki kuwaua watoto wa wenzake. Cheo kinachosubiriwa kwa kufumba macho hakimfumbui mtu macho akishakipata. Lakini msimnyooshee kidole yeye tu. Sisi ndio tuliomzomea alipokuwa mwaminifu na kumcheka alipoacha kuwa. Mkokoteni ulipita mchana kweupe na hakuna aliyesema.

Nimekaa kuandika haya kwa sababu juzi mkaguzi mpya, mwanamke kijana, alikuja bila barua akakizuia kivuko siku mbili, na nikasikia watu wanaanza kuzomea. Atakayetaka kumzomea apite kwanza kwenye banda langu. Pancha ya mdogo wangu niliiziba siku ile ile, na baiskeli yake bado iko pale ukutani.