Sarafu Iliyofutwa Uso

SHAURI LA SARAFU MOJA ISIYO NA USO: KUAMUA IWAPO NI KOSA LA KIWANDA AU UHARIBIFU WA MTUMIAJI.

Hilo ndilo lilikuwa jina la jalada, na jalada lenyewe lilikuwa zito kuishinda sarafu, maana kila ofisi liliyopitia liliongezewa karatasi ya kuthibitisha kwamba limepitia.

Mhakiki wa sarafu alishazoea. Kazi yake ilikuwa kutenganisha sarafu zilizozaliwa na kilema na zile zilizoumizwa mitaani. Grisi ikiganda kwenye chuma cha kuchapia, sarafu hutoka haina pua wala jicho, lakini ngozi yake ni laini, inang'aa kote, na uzito umetimia. Hilo ni kosa la kiwanda. Sarafu hutunzwa kabatini. Iliyokwanguliwa kwa tupa huwa na mikwaruzo, na mizani husema imepungua. Huo ni uharibifu. Sarafu hupelekwa kwenye tanuri.

Hii ilikwanguliwa. Aliliona hilo kabla hata hajashika kioo cha kukuzia. Ila ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka sasa hivi kwenye kiganja cha mtu, na chumba kizima kilinukia mafuta ya nywele ya marehemu mkewe.

Akainama na kioo chake. Katikati ya mikwaruzo, shavu la mwanamke lilikuwa linaota.

Mkewe hakupenda kupigwa picha. Iliyokuwepo ni ya kitambulisho tu, na ofisi husika ilikichukua siku ya kuandikisha kifo, kwa kuwa marehemu, walieleza kwa upole, hana tena haja ya kutambulika. Tangu hapo mhakiki alikuwa anausahau uso ule kidogo kidogo, na anaona haya kuusahau.

Akagonga mhuri: KOSA LA KIWANDA. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini. Mkuu wake alifurahi sana. Kosa la kiwanda ni lawama ya idara nyingine.

Kila asubuhi akawa anafungua kabati kutazama. Macho yakaja. Ikaja midomo, na ule upande mmoja uliokuwa ukitangulia kucheka. Alirudi nyumbani mwepesi, hata akawa anapiga mluzi, na kwa wepesi huo hakuona kwamba nyusi za binti yake zinafifia, na kwamba kishimo cha shavuni kimejaa.

Jioni moja mwalimu alimleta mtoto hadi mlangoni.

"Samahani, baba. Huyu ni wa hapa? Ni mwanafunzi wangu, najua ni mwanafunzi wangu, lakini leo nimemtazama nikashindwa kumjua."

Mlango ulipofungwa, mtoto alinong'ona, "Mama anasema usiogope."

"Mama yupi?"

"Wa kabatini. Anasema mimi nikiisha, yeye atakuwa ametimia."

Kesho yake mhakiki alimleta mganga ofisini saa ya chakula. Langoni waliandika kuwa ni fundi bomba, kwa kuwa daftari la wageni halikuwa na nafasi ya mganga. Alikuwa bibi mfupi, mwenye haraka. Alinusa sarafu bila kuigusa.

"Nani kamkaribisha?"

"Hakuna, bibi. Ililetwa kwa barua."

"Usinichoshe, mwanangu. Majini hawana adabu, lakini hawaingii bila ruhusa. Ulisema nini juu yake?"

"Nilisema ilizaliwa hivi."

"Na ulijua?"

"Nilijua imekwanguliwa."

Bibi akavuta kiti. "Basi ni hapo. Kisichozaliwa umekipa kuzaliwa. Sasa kinadai uso, na kinauchota kwa mtoto aliyeurithi. Tengua uongo wako, ukitie motoni kwa mkono wako. Mimi sina dawa. Ningekuwa nayo ningekutoza."

"Ni yeye, bibi?"

Mganga alisukuma kiti nyuma, akainuka. "Unataka nikwambie nini?"

Akagonga mhuri wa pili: UHARIBIFU WA MTUMIAJI. Akashuka kwenye tanuri, sarafu ikimuunguza kiganjani, na alipoishikilia juu ya moto ikasema taratibu, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisahau, "Mzee wa Kioo, ni mimi," jina la utani ambalo hakuna mwingine aliyewahi kumwita, kisha ikamuuliza kama mtoto anakula vizuri, na kwa nini alichelewa hospitalini siku ile, na kama hata leo ana haraka ya kurudi kazini, na yeye akawa analia anajibu, analia anaomba radhi, huku vidole vikikataa kufunguka kimoja baada ya kingine, mpaka alipomkumbuka yule mtoto aliyelala nyumbani na uso laini kama yai, akafungua mkono.

Ililia mpaka ikawa maji.

Mtoto aliamka na sura yake. Jaladani iliandikwa kwamba uamuzi wa awali ulitokana na hitilafu ya kioo, na kioo kikapewa karipio.

Kilichotokea hasa ni kwamba mwanamume alimwachia motoni mtu aliyemwita kwa sauti ya mkewe, na mpaka leo hajui alikuwa nani.