Vidonge Alivyompa Marion

Asubuhi hiyo, kama kawaida, mama yake Wanza alikuwa akipiga pasi, akifunga chakula cha mchana na kugomba, yote kwa pamoja.

"Wanza, umemeza dawa?"

"Ndiyo, Mama."

Hakuwa amemeza. Koo halikumuuma tena, na homa iliyomlaza kitandani ilikuwa imekwisha. Ya nini kuendelea na vidonge?

Kwenye ngazi za jengo lao, hapo mtaa wa Tena, alimkuta Marion, rafiki yake wa ghorofa ya chini. Marion ndiye aliyeongoza wimbo katika kwaya ya shule, na mashindano yalikuwa Jumamosi.

"Sasa, Marion?"

"Poa." Sauti ilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. "Koo linachoma. Usimwambie mtu! Mwalimu Ndete akisikia, wimbo atampa Akech."

"Akech? Anayeimba kama anaita mbuzi?"

Marion alicheka, kisha akashika shingo kwa maumivu.

Jioni, kabla mama yake hajarudi kutoka kazini, Wanza alimpelekea vidonge vyote vilivyobaki. "Meza hivi. Mimi nishapona."

"Kumbe siku hizi wewe ni daktari!"

"Daktari Wanza. Acha maneno, meza."

Mama alipouliza kuhusu dawa, Wanza alijibu kwamba amezimaliza.

Ijumaa homa ilimrudia kwa kishindo. Mama alimpeleka zahanati, na huko wakamkuta Mama Marion amemkumbatia binti yake. Marion alikuwa akitetemeka, hawezi kumeza hata mate.

Daktari aliinama mbele yake. "Umetumia dawa yoyote?"

Marion alitikisa kichwa kukana. Hakutaka kumchongea rafiki yake.

Wanza alitazama sakafu. Angeweza kunyamaza. "Alitumia zangu," akasema. "Nilimpa mimi. Na nilimdanganya Mama."

Hakuna aliyemfokea, na hilo likamuuma zaidi.

"Ni vizuri umesema, sasa najua pa kuanzia," daktari alisema. "Hakuna kati yenu aliyepata dozi kamili. Maumivu yalipungua, lakini bakteria walibaki. Wakiachwa, wanaweza kudhuru hata moyo."

"Mwanangu," Mama Marion alimwambia Wanza, "si ungeniambia tu?"



Jumamosi kwaya ilikwenda bila wao. Akech aliongoza wimbo, na shule haikufika fainali.

Safari hii kila mmoja alimeza dawa mpaka ya mwisho, mama yake akiwa amesimama mbele yake. Siku moja Marion alikuwa akianika nguo juu ya jengo, akaanza kuimba ule wimbo. Sauti ilikuwa imerudi, safi kabisa. Wanza, aliyekuwa akimsaidia mama yake kuanua zao, alifuta machozi kwa kiganja.

"Mama, angeshinda."

"Huenda angeshinda," Mama alijibu bila kumbembeleza. "Hilo huwezi kulirudisha. Kumhurumia rafiki si kosa. Lakini dawa uliyoandikiwa ni yako peke yako, na unaimaliza hata ukijiona mzima. Mwenzako akiugua, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo. Haya, shika upande huo wa shuka tukunje."

Wanza akashika, na Marion akaendelea kuimba.